Mtoto Mchanga Asiyepata Choo: Si Kila Tumbo ni Mchango

Nilipokuwa Kisumu kwa dada yangu aliyeolewa huko, bi mkubwa wa jirani alikuja jioni moja na mjukuu wake wa siku tatu. Tumbo la mtoto lilikuwa limevimba na kukaza kama ngoma, naye akitapika maji ya kijani. Tangu azaliwe hakuwa amepata choo.

"Ni mchango tu, mwanangu," bibi aliniambia. "Tumeshamkanda mafuta na kumnywesha dawa."

Dada yangu hakubishana naye. Aliita tuktuk, na usiku ule ule mtoto akafikishwa hospitali. Baada ya vipimo tuliambiwa ana ugonjwa wa Hirschsprung. Nami kwa kutojua, nikaanza kuuliza na kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata, huenda yakamfaa mzazi mwengine.

Utumbo una mishipa ya fahamu yake wenyewe, yenye seli zinazokadiriwa kuzidi milioni 100. Ndiyo maana waweza kusukuma chakula bila ya wewe kuufikiria. Mwaka 1899, Bayliss na Starling wa London walieleza namna unavyofanya kazi: nyuma ya tonge misuli hukaza, mbele yake misuli hulegea. Bila ya kulegea kule mbele, kukaza kwa nyuma hakufai kitu.

Amri hizo hupelekwa na kemikali. Miongoni mwao ni nyuropeptaidi, yaani vipande vidogo vya protini vinavyotolewa na seli za fahamu. Dutu P, iliyogunduliwa na von Euler na Gaddum mwaka 1931, hukaza misuli. Nyengine iitwayo VIP, iliyotambuliwa na Said na Mutt mwaka 1970, huilegeza, ikisaidiana na hewa ya naitriki oksaidi.

Mtoto akiwa tumboni mwa mamake, seli hizi husafiri kutoka upande wa kinywa kushuka hadi mwisho wa utumbo, na kwa kawaida hufika takriban wiki ya 12 ya mimba. Kwa baadhi ya watoto safari hukatika njiani. Sehemu ya mwisho ya utumbo hubaki bila ya seli hizo.

Mtu angedhani utumbo uliokosa seli za fahamu utalala na kulegea. Hapa ni kinyume. Misuli ingali hai, na nyuzi za fahamu zitokazo nje ya utumbo huendelea kuiamrisha ikaze. Kilichokosekana ni ile sauti ya kulegeza: VIP na naitriki oksaidi. Basi sehemu ile hubana kama mlango uliofungwa, na utumbo ulio juu yake hutanuka kwa choo na hewa. Ndiyo maana kukanda tumbo na dawa za kienyeji haziwezi kuufungua.

Ugonjwa huu una jina la Harald Hirschsprung, daktari wa watoto wa Denmark aliyeueleza mwaka 1886. Humpata takriban mtoto 1 katika kila 5,000, na wavulana huupata zaidi kuliko wasichana. Huthibitishwa kwa kukata kipande kidogo cha utumbo na kukitazama kwa darubini. Dawa yake ni upasuaji: tangu Swenson alipoonyesha njia mwaka 1948, sehemu isiyo na seli huondolewa na ile nzima huvutwa kuunganishwa na njia ya haja kubwa. Baadhi ya watoto kwanza hutobolewa tundu la choo tumboni kwa muda.

Kinachoua ni kuchelewa. Utumbo uliojaa huweza kushika uvimbe mkali wa maambukizi na sumu ikaenea damuni.

Mwambao wa ziwa si jangwa la hospitali. Kisumu ina Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji huiita "Russia" kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti na kufunguliwa Oktoba 1969. Lakini hospitali haimfuati mtoto nyumbani.

Basi wazazi, hesabuni saa. Mtoto aliyetimiza miezi yake hupata kile choo cha kwanza cheusi ndani ya saa 24. Zikipita 48 hajapata, au tumbo likivimba, au akitapika kijani, msingoje kuche. Mjukuu wa yule bibi alipasuliwa na yu hai, alhamdulillahi. Bibi mwenyewe sasa ndiye awaulizaye wazazi wapya mtaani: "Mtoto ameshapata choo?"