Abiria wa Pikipiki na Mizani za Fidia

Tuseme mama lishe wa Mbagala amepanda bodaboda alfajiri kuwahi sokoni. Hana helmeti, na nyuma yake amepakiwa abiria mwingine, ule upakiaji ambao Dar es Salaam huuita mishikaki. Gari dogo linachomoka kutoka barabara ya pembeni bila kusimama. Mama anavunjika paja na kuumia kichwa. Atalipwa kiasi gani? Ukubwa wa jeraha hautoshi kujibu. Kila nchi ina swali lake la kwanza, na swali hilo ndilo linaloamua mengi yanayofuata.

Tanzania na Kenya, zilizorithi sheria ya madhara kutoka Uingereza, huanza na kosa: nani alizembea, na uzembe wake ulichangia kwa kadiri gani? Zamani huko Uingereza, mdai aliyekutwa na sehemu yoyote ya kosa aliweza kutoka mahakamani mikono mitupu. Sheria ya mwaka 1945 ilibadili hilo, na tangu hapo fidia hupunguzwa kwa kadiri ya mchango wa mdai mwenyewe. Mwaka 1971 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilimkata asilimia 15 mwendeshaji wa pikipiki ndogo ambaye hakuvaa helmeti, ingawa siku ya ajali sheria ilikuwa bado haijamlazimisha kuivaa. Baadaye mwingine, aliyeivaa bila kufunga mkanda wa kidevuni, alikatwa asilimia 10. Makato haya yana mpaka, na mpaka huo usisahaulike: helmeti isiyovaliwa hupunguza fidia pale tu ambapo ingezuia jeraha au kulipunguza. Kichwa cha mama lishe kinaweza kuingia katika hesabu hiyo, lakini paja lake haliingii. Vivyo hivyo kwa mishikaki. Kupakia abiria wawili ni kosa la barabarani, lakini kama gari lingewagonga hata angekuwa abiria mmoja, kosa hilo halikusababisha ajali, na wakili wa mama ana haki ya kulisema hilo kwa sauti.

Marekani nayo imetoka katika ukoo huohuo wa sheria, ila majimbo yake yamegawanyika. Virginia, Maryland, North Carolina na Alabama bado zimeshikilia kanuni ya kale kwamba mchango mdogo wa kosa unaweza kufuta dai lote. California iliiacha mwaka 1975: ukiwa na asilimia 10 ya kosa unapokea 90 zilizobaki, na ukiwa na 80 bado unapokea 20. Texas imesimama katikati, ikimnyima mdai ambaye kosa lake limevuka nusu. Ajali ileile, yenye picha zilezile na mashahidi walewale, hubadilika thamani kwa kuvuka mpaka wa jimbo.

Ufaransa iliamua kuuliza jambo jingine: aliyeumia alikuwa nani barabarani? Sheria ya tarehe 5 Julai 1985, inayoitwa kwa jina la waziri wa sheria wa wakati huo, Robert Badinter, inawatenga madereva na watu wengine wote. Mtembea kwa miguu na abiria, hata abiria wa pikipiki, hawapunguziwi fidia ya mwili kwa uzembe wa kawaida. Ni kosa lisilosameheka tu, tena liwe ndilo chanzo pekee cha ajali, linaloweza kuwanyima. Walio chini ya miaka 16 na walio na zaidi ya 70 wanalindwa hata dhidi ya hilo. Kwa hiyo mama lishe wetu, angekuwa Marseille, asingebishana na mtu juu ya helmeti. Lakini aliyeshika usukani wa pikipiki ni dereva, na kosa lake mwenyewe linaweza kumpunguzia au kumfutia kila kitu. Waingereza huwapima watu hao wawili kwa kanuni moja, Wafaransa wameweka kanuni mbili kwa kiti kimoja.

Ukivuka bahari kuelekea Muscat au Dubai, ambako Waswahili wengi wana ndugu, unakutana na mizani ya kale zaidi. Fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, huuliza: ni nini kilichopotea? Diya, yaani fidia ya damu, kwa kuua bila kukusudia ilikuwa ngamia 100 ikiwa kamili. Macho yote mawili yana diya kamili na jicho moja nusu yake, kidole kina sehemu moja ya kumi, jino moja ya ishirini. Majeraha yasiyo na kiwango yanakadiriwa na kadhi. Dola za leo zimegeuza ngamia kuwa fedha: Falme za Kiarabu ziliweka dirhamu 200,000 kwa kifo cha bahati mbaya, Saudi Arabia riali 300,000. Wanazuoni wengi wa zamani walikadiria diya ya mwanamke kuwa nusu ya mwanamume, na mjadala juu ya hilo haujafungwa. Hata hivyo mfumo huu una usawa ambao mahakama za Kiingereza haziufikii: hauombi hati ya mshahara. Kidole cha mbeba mizigo na kidole cha mwenye meli vina bei moja. Tena katika kuua bila kukusudia, mzigo haukumwangukia mkosaji peke yake, kwani ukoo wake wa kiume, akila, ulichangia kuulipa. Warithi nao wana haki ya kusamehe, kama Sura ya An-Nisaa inavyoeleza, na mkosaji bado anadaiwa kafara kwa Mola wake.

Hati ya mshahara ndiyo inayowaumiza watu wetu kuliko hoja yoyote ya helmeti. Katika kesi ya kifo, mahakama za Kenya huchukua kipato cha mwezi cha marehemu, zikazidisha kwa miezi ya mwaka, kwa miaka ambayo angeendelea kufanya kazi na kwa sehemu aliyotumia kulea wategemezi. Ni hesabu yenye mantiki kwa mwalimu au karani. Muuza chapati, fundi baiskeli na dereva wa bodaboda anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni hawana karatasi yoyote. Wasipothibitisha kipato, jaji mara nyingi hutumia kima cha chini cha mshahara, au hutoa kiasi cha jumla kwa makadirio. Mahakama ya Rufani ya Kenya ilisema mwaka 2005, katika kesi ya seremala aliyefariki, kwamba nyaraka si njia pekee ya kuthibitisha kazi na kipato, kwa kuwa Wakenya wengi hujitafutia riziki bila kuweka kumbukumbu. Naiona hukumu hiyo kuwa miongoni mwa maneno ya haki zaidi yaliyosemwa juu ya fidia katika ukanda huu. Daftari la mauzo, miamala ya simu, ushahidi wa wenzake wa kijiweni: vyote hivyo vina uzito, iwapo kuna mtu wa kuvikusanya mapema pamoja na fomu ya polisi, PF3 kwa Tanzania na P3 kwa Kenya.

New Zealand iliamua kuliacha swali la kosa kabisa. Kufuatia ripoti ya tume ya jaji Owen Woodhouse ya mwaka 1967, mfumo wa umma ulianza tarehe 1 Aprili 1974: aliyeumia kwa ajali hutibiwa, na mfanyakazi hulipwa asilimia 80 ya kipato chake baada ya wiki ya kwanza, hata kama kosa ni lake. Kwa kubadilishana, haki ya kumshtaki aliyekuumiza ili ulipwe kwa jeraha la mwili karibu imeondolewa yote. Anayetoka Nairobi, aliyezoea kesi za miaka, ataona nafuu kubwa. Anayetoka California atauliza maumivu yake yalipwe na nani. Nami naongeza kwamba asilimia 80 ya kipato kisichoandikwa popote ni tatizo lilelile la mama lishe kwa vazi jingine.

Halafu kuna swali la mfuko: fedha za kulipa zinatoka wapi? Diya ilikuwa na akila, New Zealand ina tozo, na wenye pikipiki huko wanatozwa zaidi wanaposajili, jambo lililowafanya waandamane hadi bungeni Wellington mwaka 2009. Sisi tuna bima ndogo, ile ya kuwalinda watu wengine, na sheria ya Kenya inaweka kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Hukumu ikizidi hapo, kilichobaki kinatafutwa kwa mmiliki, ambaye mali yake pengine ni hiyo pikipiki iliyopondeka. Afrika Kusini hukata fedha za mfuko wake wa ajali kwenye bei ya mafuta, ingawa bado inadai uthibitisho wa kosa na mfuko wenyewe unaelemewa na madeni. Wazo hilo linastahili kuchunguzwa Dodoma na Nairobi: dereva wa bodaboda anaweza kuacha bima yake iishe muda bila kuihuisha, lakini petroli anainunua kila siku.