Karatasi ya Tembo na Vijana Watatu wa Iringa

Ukiingia mgahawa wa Neema Crafts mjini Iringa, usipaze sauti kumwita mhudumu. Andika unachotaka, au jaribu lugha ya alama. Wahudumu ni viziwi, na hapa mgeni anayesikia ndiye anayejifunza lugha ya mwenyeji wake. Zaidi ya miaka 20 imepita tangu kazi hii ianze, na inastahili kusimuliwa.

Shule ya kwanza ya viziwi nchini Tanzania ilifunguliwa Tabora mwaka 1963. Kule Mombasa, Kenya, karakana za Bombolulu za watu wenye ulemavu zilianza mwaka 1969. Lakini kwa kijana kiziwi wa Iringa, kumaliza shule kulikuwa ni kurudi nyumbani kukaa.

Mwaka 2003, msanii Mwingereza Susie Hart, akiwa chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, alianzisha Neema Crafts na vijana watatu viziwi. Mali ghafi yao ilikuwa kinyesi cha tembo.

Tembo hula majani na magome ya miti kutwa kucha, lakini chini ya nusu tu ndiyo humeng'enywa tumboni mwake. Kinachobaki ni nyuzinyuzi, na karatasi ni nyuzinyuzi. Kinyesi huoshwa, huchemshwa mpaka harufu iishe, hupondwa na kuchanganywa na karatasi chakavu. Rojo lake huchotwa kwa fremu yenye wavu, maji huchuruzika, kisha karatasi huanikwa. Ni kazi ya macho na vidole. Sikio halina kazi hapo. Ishike karatasi hiyo mkononi, utaona vipande vya majani aliyotafuna tembo. Watalii waliinunua kwa sababu ilikuwa nzuri, na mimi nasisitiza hilo, maana tumezoea kununua kazi ya mwenye ulemavu kama tunatoa sadaka.

Baadaye zikaja ufumaji, ushonaji, shanga na nyumba ya wageni, na waliopata kazi wakazidi 100. Mwaka 2020 corona ikawazuia watalii, wanunuzi wao.

Na nje ya karakana hizo vikwazo vingine vipo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike. Hata hivyo, bado zipo ofisi zenye ngazi tupu, ambako fundi anayetumia kiti mwendo hungoja chini, juani, mpaka karani ashuke kumfuata.