Kuunganisha bila Kufungamanisha: Laini ya Umeme ya Inga–Shaba katika Historia ya Uhandisi

Methali za Kiswahili husifu kuungana kuliko kutengana. Figa moja haliinjiki chungu, na kidole kimoja hakivunji chawa. Historia ya uhandisi wa karne ya 20 inasimulia jambo ambalo kwa sikio la kwanza linaonekana kinyume: kadiri mtambo unavyokuwa mkubwa, ndivyo usalama wake unavyotegemea sehemu zake kugusana kwa kiasi kidogo, yaani kile tu kinachotosha kwa kazi yenyewe. Kanuni hiyo haikuvumbuliwa na mtu mmoja, wala haikupokewa kwa hiari. Aghalabu ilipokewa baada ya hasara. Miongoni mwa vielelezo vyake vikubwa duniani kimo kimoja ambacho tangu mwaka 1982 kinapita juu ya vichwa vya Wakongo, nacho ni laini ya umeme itokayo Inga hadi Kolwezi, iliyojulikana kwa jina la Inga–Shaba.

Mwaka 1962 mtaalamu wa Kimarekani Herbert Simon alichapisha makala kuhusu muundo wa vitu changamani. Humo alisimulia hadithi ya mafundi wawili wa saa, Hora na Tempus, ambao kila saa yao ilikuwa na vipande 1,000. Tempus aliunganisha vipande vyote kwa mfululizo mmoja. Alipoitwa na mteja akaiweka chini kazi yake, yote ilisambaratika, akaanza upya. Hora alitengeneza kwanza mafungu ya vipande kumi kumi, kila fungu likiweza kusimama peke yake, hivyo alipokatizwa alipoteza fungu moja tu. Tempus alifilisika, Hora akatajirika. Simon aliendelea kueleza kwamba katika mifumo mingi inayodumu, iwe ya viumbe hai, ya jamii au ya mashine, vitu vilivyomo ndani ya fungu moja huathiriana sana, hali mafungu yenyewe huathiriana kidogo.

Mwanafunzi wa Kiswahili hana sababu ya kushangaa. Katika kitenzi, mnyambuliko ulio jirani na mzizi huusikiliza mzizi huo: pika huzaa pikia, lakini soma huzaa somea. Kiambishi cha wakati hakijali. Ni -li- ile ile katika alipika na alisoma. Jirani huathiriana kwa nguvu, walio mbali huachana huru, na kwa sababu hiyo mtoto huweza kutunga vitenzi ambavyo hajapata kuvisikia.

Mtandao wa umeme wa kawaida ni kinyume cha saa za Hora. Unatumia mkondo geu, yaani umeme unaobadili mwelekeo mara nyingi kwa sekunde, na majenereta yote yaliyounganishwa lazima yazunguke kwa mapigo mamoja, 50 kwa sekunde katika nchi nyingi, 60 Marekani. Mfano wa karibu ni wapiga kasia wa mtumbwi mmoja mrefu: kila mmoja husikia katika mwili wake kasia la mwenzake, hata aliye mkiani kabisa. Hii ni nguvu kubwa, kwani anayechoka hubebwa na wengine. Lakini anayeanguka huwavuta wengine. Tarehe 9 Novemba 1965, kifaa kimoja cha ulinzi katika kituo cha Sir Adam Beck, upande wa Kanada karibu na maporomoko ya Niagara, kilikata laini moja kikiwa kimepangwa kwa kiwango cha chini mno. Mzigo wake ukahamia kwenye laini za jirani, nazo zikakatika moja baada ya nyingine. Kwa muda wa dakika chache tu watu wapatao milioni 30, pamoja na wakazi wa New York, walikuwa gizani. Chanzo hakikuwa mtambo uliovunjika. Ila mitambo yote ilisikilizana mno.

Dawa ya ugonjwa huo ilikuwa imekwisha kuanza kutengenezwa Sweden, tena kwa kurudia kitu kilichodharauliwa. Thomas Edison alipofungua kituo chake cha Pearl Street, New York, mwaka 1882, alitumia mkondo mnyoofu, usiobadili mwelekeo. Kabla ya mwisho wa karne hiyo mkondo geu ulikuwa umeushinda, kwa kuwa transfoma iliwezesha kupandisha na kushusha volti kwa urahisi. Mkondo mnyoofu ulirudi mwaka 1954, wakati kampuni ya ASEA, kwa kazi ya miaka mingi ya mhandisi Uno Lamm, ilipounganisha kisiwa cha Gotland na bara la Sweden kwa waya wa chini ya bahari wenye urefu wa karibu kilometa 100. Haja ya kwanza ilikuwa bahari yenyewe, maana mkondo geu hupotea sana katika nyaya ndefu za majini. Hata hivyo, mara ikadhihirika faida nyingine. Umeme ukigeuzwa kuwa mnyoofu upande mmoja na kurudishwa kuwa geu upande wa pili, mitandao miwili huuziana nguvu bila kushirikiana mapigo. Kinachopita kati yao ni kiasi cha nguvu kilichoamriwa, wala si kishindo cha jirani.

Wajapani ndio walioonyesha jambo hilo kwa uwazi zaidi. Mashariki ya nchi yao hutumia mapigo 50 na magharibi 60, kwa sababu mwishoni mwa karne ya 19 Tokyo ilinunua mitambo ya Ujerumani na Osaka ya Marekani. Mwaka 1965 kituo cha Sakuma kilianza kupitisha megawati 300 kati ya pande hizo ambazo kwa mkondo geu zisingeweza kuunganishwa kamwe. Ushahidi wa baadaye ni mwingi. Mtandao wa Québec, ambao majirani zake huupata kupitia vituo vya namna hiyo, ulinusurika tarehe 14 Agosti 2003 wakati watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Ontario walipokosa umeme. India ya kusini nayo ilinusurika Julai 2012, nusu ya nchi ilipozimika. Kujitenga si kinga ya kila balaa, lakini. Machi 1989 Québec ilizimwa yote na dhoruba ya sumaku iliyotoka kwenye jua, na Machi 2011, baada ya tetemeko na tsunami, Tokyo iliteseka kwa upungufu huku magharibi ikiwa na umeme, kwa kuwa milango yote kati ya pande hizo mbili ilipitisha megawati 1,000 tu.

Hapo ndipo panapoingia Kongo, iliyoitwa Zaïre kuanzia mwaka 1971 hadi 1997. Katanga, iliyopewa wakati huo jina la Shaba, haikuwa nchi ya giza. Mabwawa ya Mwadingusha na Koni katika mto Lufira, na ya Nzilo na Nseke katika Lualaba, yalikwisha kujengwa zamani za ukoloni kwa ajili ya migodi, na tangu miaka ya 1950 mtandao wake uliungana na ule wa migodi ya Zambia ya leo. Upande wa pili wa nchi, kwenye maporomoko ya Inga, kituo cha kwanza chenye megawati 351 kilifunguliwa mwaka 1972, na cha pili, chenye megawati 1,424, mwaka 1982. Nguvu hiyo ilikosa wanunuzi wa kutosha katika magharibi. Serikali ikaamua kuipeleka kwenye shaba, kilometa 1,700 kutoka hapo.

Kwa umbali huo mkondo mnyoofu ulikuwa chaguo la busara. Laini ya volti 500,000 yenye uwezo wa megawati 560 ilijengwa, na kwa miaka mingi ilikuwa ndefu kuliko zote duniani za aina yake. Haiwaunganishi wapiga kasia wa Inga na wale wa Lualaba katika mtumbwi mmoja. Jenereta la Inga likikatika, Kolwezi hupungukiwa nguvu lakini hailazimiki kufuata mapigo yaliyovurugika. Vivyo hivyo msukosuko wa migodini haufiki mtoni. Kugusana hakukuondolewa kabisa, kwa kuwa vituo vya tairista vya wakati huo vilihitaji mtandao ulio hai katika ncha zote mbili ndipo vifanye kazi. Kulipunguzwa tu hadi kiwango ambacho kazi haiwezi kwenda bila hicho.

Sababu za uamuzi huo hazikuwa za kiufundi peke yake. Katanga ilijitenga kuanzia Julai 1960 hadi Januari 1963, na waandishi wengi, akiwemo Jean-Claude Willame katika kitabu chake kuhusu Inga kilichotoka mwaka 1986, wameiona laini hiyo kama chombo cha utawala: jimbo lenye mabwawa yake lingeweza kuondoka, jimbo linalolishwa kutoka magharibi lisingeweza. Bei ya shaba ilianguka mwaka 1975, vita vya Shaba vya 1977 na 1978 vikachelewesha kazi, gharama zikapanda na deni la taifa likavimba pamoja nazo.

Kama nia ilikuwa kamba ya kulifunga jimbo, chombo kilichochaguliwa hakikufaa. Laini ya mkondo mnyoofu ni mlango wenye komeo katika kila ncha. Hufungwa kutoka upande wowote, na nyumba zote mbili hubaki zimesimama. Hili lilifichika kwa muda kwa sababu mahitaji yenyewe yalipungua. Gécamines, iliyochimba zaidi ya tani 450,000 za shaba mwaka 1986, ilishuka chini ya tani 50,000 mwaka 1994. Viongozi wa mkoa walipotangaza mamlaka ya ndani mwezi wa Desemba 1993, nyaya za Inga hazikuwazuia. Agosti 1998 waasi walipoteka Inga na kukata umeme, mji uliokaa gizani ulikuwa Kinshasa, makao ya serikali, uliofungamana na kituo hicho kwa mkondo geu na bila chanzo kingine cha kutosha. Mabwawa ya Lufira na Lualaba hayakungoja mapigo ya Inga ili yazunguke.

Kuna upande mwingine ambao wasifu wa uhandisi huupita haraka mno. Laini ya mkondo geu huweza kuchotwa njiani: panapohitajika mji hujengwa kituo kidogo chenye transfoma, na umeme hushuka. Laini ya mkondo mnyoofu haichotwi hivyo. Kila mahali pa kuteremshia umeme panahitaji kituo kizima cha kubadilishia mkondo, ghali na chenye kuvuruga udhibiti wa vituo vingine. Si kwamba haiwezekani: laini iliyounganisha Italia na Sardinia tangu 1967 ilipewa mlango wa tatu katika kisiwa cha Corsica mwishoni mwa miaka ya 1980. Lakini Inga–Shaba ilichorwa kwa ncha mbili tu. Ikavuka Bandundu na Kasai, ikapita juu ya vijiji vinavyotumia koroboi, bila kuacha hata cheche. Kile kinachoitwa fadhila katika uhusiano wa mtandao na mtandao kiligeuka kuwa unyimaji katika uhusiano wa mtandao na watu. Wala haikuwa ajali: mpango ulihesabu vituo viwili vya kubadilishia mkondo na migodi kadhaa, na watu wa njiani hawakuwemo katika hesabu.

Watu hao hata hivyo walijiingiza katika mfumo kwa mlango ambao wahandisi hawakuuchora. Nguzo za laini hiyo zimeundwa kwa vyuma vya pembe vilivyofungwa kwa bolti, na katika miaka ya umaskini uliozidi vyuma hivyo vilifunguliwa na kuchukuliwa mara kwa mara, vikawa vitanda, milango, zana na vyombo vya nyumbani. Shirika la umeme la taifa, SNEL, lililalamika juu ya uharibifu, na lilikuwa na haki ya kulalamika, maana nguzo moja ikianguka laini nzima husimama. Lakini neno uharibifu halitoshi. Mtu aliyeishi chini ya waya wa volti 500,000 bila taa alikuwa amepewa na mradi huo kitu kimoja tu kinachoweza kumfaa, nacho ni chuma.

Baada ya mwaka 2000 kampuni za migodi zilirudi Katanga, na mahitaji ya umeme yakapanda kupita uwezo wa laini iliyochakaa. Kuanzia mwishoni mwa muongo huo vituo vya Inga na Kolwezi vilianza kukarabatiwa, kwa lengo la kuifikisha laini megawati 1,000, na sehemu ya fedha za kufufua umeme wa Inga ilitolewa na wachimbaji wenyewe kwa makubaliano na SNEL. Wakati huo huo bwawa jipya la Busanga, katika Lualaba, lenye megawati 240, lilijengwa karibu na migodi. Tairista mpya zikawekwa mahali pa zile za zamani. Idadi ya ncha ikabaki mbili, katika nchi ambayo takriban mtu mmoja kati ya watano ndiye mwenye umeme nyumbani kwake.