Ujira wa Siku za Ugonjwa: Jina, Deni na Mipaka Yake

Mwambie mtu aliyewahi kuajiriwa Lubumbashi au Likasi kwamba bosi wake mpya nchini Zambia anawiwa "malipo ya ugonjwa", naye atadhani unataja gharama za hospitali. Ana sababu. Sheria ya kazi ya Kongo ya Oktoba 2002 humbebesha mwajiri matibabu ya mfanyakazi pamoja na familia yake, na miaka mingi kabla ya hapo kampuni ya madini ya Gécamines ilikuwa na hospitali zake yenyewe. Mwambie maneno hayohayo mtu aliyekaa makazi ya wakimbizi ya Mantapala, Zambia, kwa mgawo wa chakula na fedha za kujikimu, naye atasikia msaada. Mtanzania atafikiria fidia ya aliyeumia kazini. Watu watatu, Kiswahili kimoja, na hakuna aliyepata kile ambacho sheria ya Zambia inasema.

Sheria inasema jambo jepesi: mfanyakazi akizuiwa na maradhi kufika kazini, mwajiri aendelee kumpa ujira wake, wote au sehemu, kwa siku zilizohesabiwa. Matibabu yana mlango wake na fidia ya ajali ina mfuko wake. Hapa tunazungumzia fedha ya nyumbani, ile ambayo mtu angeileta mwisho wa mwezi kama angekuwa mzima.

Kwa hiyo napendekeza tuseme "ujira wa siku za ugonjwa". Neno "mshahara" linafaa kwa mazungumzo, lakini asili yake ya Kiarabu ina mwezi ndani yake, wakati haki hii mara nyingi huhesabiwa kwa siku na huwahusu pia wanaolipwa kwa wiki. "Ujira" ni malipo ya kazi, basi. Likitumika, mgonjwa na bosi wake wanajua papo hapo kwamba fedha hiyo imetokana na mkataba wa kazi, haikutokana na huruma ya mtu. Palipo na haja ya kutenganisha kiwango cha lazima na nyongeza anayoitoa mwajiri kwa hiari, tuongeze "uliowekwa na sheria". Wengi huandika "wa kisheria", lakini hilo laweza kuwa jambo lolote ambalo sheria hailikatazi. "Likizo ya ugonjwa" ibaki na kazi yake: ni ruhusa ya kutokuwepo. Mtu anaweza kupewa ruhusa asipewe senti, ndiyo maana likizo na ujira vinahitaji majina mawili.

Mantapala ilifunguliwa Januari 2018 katika wilaya ya Nchelenge, mkoa wa Luapula, kuwapokea Wakongomani waliokimbia mapigano ya mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika, wengi wao wakiwa wamepitia kwanza kituo cha Kenani. Wamefika na Kiswahili chao kwenye nchi ya Kibemba, chini ya sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza, na vichwani mwao wana desturi za kazi za upande wa pili wa Ziwa Mweru. Kule walisema "konje", yaani likizo, ya ugonjwa, na sheria ikampa mgonjwa theluthi mbili za ujira. Maradhi yakipita miezi sita mfululizo, mwajiri aliweza kuvunja mkataba. Zambia hesabu ni nyingine, na anayepata kazi ya duka Kashikishi au ya ulinzi Nchelenge mjini, akiwa na kibali cha kufanya kazi, anastahili kuijua kwa lugha yake.

Hesabu hiyo imo katika kifungu cha 38 cha Sheria ya Kanuni za Ajira Na. 3 ya 2019. Mwenye mkataba wa muda mfupi, yaani usiozidi miezi 12, hulipwa ujira kamili kwa siku 26 za kazi, kisha nusu kwa siku 26 zinazofuata. Mwenye mkataba wa muda mrefu hulipwa kamili kwa miezi mitatu na nusu kwa miezi mitatu mingine. Tuchukue mfano wa muuza duka mwenye mkataba wa mwaka mmoja, anayepata kwacha 2,600 kwa mwezi wa siku 26 za kazi, yaani kwacha 100 kwa siku. Akilazwa na kifua kikuu kwa wiki tisa, mwezi wa kwanza wa kazi atapata 2,600 yote, mwezi wa pili 1,300. Baada ya hapo, mwajiri anaweza kumwachisha kazi kwa mapendekezo ya daktari. Jumla ni kwacha 3,900, sawa na ujira wa siku 39.

Katika namba hizo pande mbili zinaonekana, na ni vizuri kuzitazama moja moja. Ujira kamili wa mwanzo humlinda mgonjwa asirudi kazini na homa kwa kuogopa njaa. Nusu ya baadaye humpunguzia mwajiri mzigo, kwa kuwa kufikia hapo huenda amekwisha kumwajiri mtu wa muda na analipa ujira mara mbili kwa kazi moja. Kikomo humwezesha kupanga. Na karatasi ya daktari, ile ambayo Tanzania wafanyakazi huiita ED, humkinga dhidi ya anayejidai mgonjwa siku ya harusi ya rafiki yake. Sharti hili la karatasi ni la haki, mradi karatasi ipatikane. Sheria ya Kenya ya 2007 imekuwa na busara hapa: inakubali cheti kilichosainiwa na msimamizi wa zahanati kwa niaba ya daktari. Kwa anayeumwa mbali na hospitali kubwa ya Kashikishi, tofauti kati ya daktari na mhudumu wa zahanati inaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kulipwa na kukosa.

Majirani wamepima mizani hiyo kwa njia tofauti sana. Kenya inatoa siku saba za ujira kamili na saba za nusu katika kila miezi 12, baada ya miezi miwili ya utumishi. Kwa jumla ni ujira wa siku kumi na nusu, kidogo mno kwa ugonjwa wowote mzito. Uganda, kwa sheria ya 2006, inalipa mwezi wa kwanza kamili, na mwezi wa pili ukiisha mtu bado mgonjwa, mwajiri ana ruhusa ya kumaliza mkataba. Tanzania, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004, imeweka siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: 63 za ujira kamili, 63 za nusu. Mzunguko huu mrefu mara nyingi husahaulika. Mtu akizimaliza siku zake katika mwaka wa kwanza, miaka miwili inayobaki ataugua kwa gharama yake.

Katika nchi zote hizi mlipaji ni mwajiri mwenyewe, kutoka kwenye sanduku lake. Hapo ndipo mimi naona mizani ikilemea, tena kwa mwajiri na mfanyakazi wote wawili. Kampuni yenye wafanyakazi 500 haitasikia uchungu kwa mgonjwa mmoja. Mama mwenye duka la nguo na msaidizi mmoja atausikia mwezi huohuo, na njia rahisi kwake ni kutomwandikia mtu mkataba kabisa. Ujerumani, kwa sheria ya Kansela Bismarck ya 1883, ilianza kwa mfuko wa bima ambao waajiri na wafanyakazi waliuchangia pamoja. Uingereza ilipoanzisha ujira huu kupitia waajiri mwaka 1983, serikali iliwarudishia walichokilipa. Marejesho yakapunguzwa mwaka 1991, yakaondolewa kwa waajiri wengi mwaka 1994, na nafuu ya mwisho ikafutwa mwaka 2014. Zambia ina bima ya afya ya taifa kwa Sheria Na. 2 ya 2018, inayochangiwa asilimia moja na mfanyakazi na asilimia moja na mwajiri, lakini hiyo hulipia matibabu. Ina pia mfuko wa fidia kwa wanaoumia kazini. Wa ujira wa mgonjwa wa kawaida haupo, na hadi utakapokuwepo waajiri wadogo watakuwa na kila sababu ya kukwepa.

Sasa malaria. Nchelenge ni miongoni mwa sehemu za Zambia zenye malaria kali zaidi, nayo si ugonjwa wa miezi mitatu. Ni ugonjwa wa siku chache unaorudi. Dawa ya mseto humezwa kwa siku tatu, dozi mbili kila siku, na mara nyingi siku hizohizo ndizo mtu asizoweza kusimama. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani Na. 102 wa 1952 unaziruhusu nchi kutolipa siku tatu za mwanzo za ugonjwa. Siku hizo katika Kiswahili tuziite "siku za kungoja", na nia yake ni kuzuia utoro wa siku mojamoja. Lakini kanuni iliyotungwa na watu waliofikiria mafua ya baridi, ikiletwa kwenye pwani ya Mweru, ingemeza dozi nzima ya malaria. Mfanyakazi angeugua mara nne kwa mwaka, apoteze ujira wa siku kumi na mbili, na asipate chochote chini ya sheria iliyoandikwa kwa ajili yake. Kifungu cha 38 hakina siku za kungoja, na natamani kibaki hivyo.

Walio nje ya hesabu hii ni wengi kuliko waliomo. Sheria ya Zambia inamtambua kibarua kama mtu anayelipwa mwisho wa siku na kuajiriwa kwa muda usiozidi saa 24 kwa mara moja. Inakataza pia kazi ya kudumu kugeuzwa kibarua. Anayelima shamba la mwenyeji kwa siku moja anaingia kwenye maelezo ya kwanza, na hana ujira wa ugonjwa. Anayefagia ghala moja kila siku kwa mwaka mzima, akilipwa jioni, ni mwajiriwa aliyevikwa jina lisilo lake, na ana hoja ya kudai.

Kuna pia neno ambalo kambi nyingi za Afrika Mashariki na Kati zinalijua: motisha. Mkalimani, mhamasishaji wa afya au msaidizi wa darasani anapewa "posho ya motisha" kwa kazi anayoifanya kila wiki kwa saa zilezile. Jina hilo linaukwepa "ujira", na pamoja na ujira linaikwepa likizo, karatasi ya daktari na nusu ya mwezi wa pili. Najua mashirika yana bajeti finyu. Hata hivyo, mtu anayefanya kazi kwa ratiba akaugua kwa sababu ya kazi yenyewe, kwa mfano anayetembea kaya kwa kaya wakati wa kipindupindu, hapaswi kuambiwa kwamba zile siku alizolala zimefutwa.

Ziwani mambo ni magumu zaidi. Mwenye chombo ana wavu, taa na mafuta. Vijana wanaokwenda naye usiku kuvua samaki wadogo wa chisense mara nyingi hupata kulingana na kilichovuliwa. Ujira wa siku za ugonjwa ni kiasi gani kwa mtu asiye na ujira wa siku? Na kuanzia Desemba mosi hadi mwisho wa Februari uvuvi umefungwa, hivyo anayeugua Januari hana kazi ya kukosa. Njia moja ni wenye vyombo kuweka akiba ya pamoja, sehemu ndogo ya kila mauzo, na aliyelala na homa apewe wastani wa mgawo wa wenzake kwa usiku ule. Wakiandikiana hivyo, waandike "mgawo wa mgonjwa", kwa kuwa ndicho kitu chenyewe.

Kwa mikataba ya kawaida, anayetafsiri anaweza kuanza na sentensi hii: "Mfanyakazi akiugua na kuleta karatasi ya tabibu, mwajiri atamlipa ujira wa siku za ugonjwa uliowekwa na sheria: ujira kamili kwa siku 26 za kazi, na nusu kwa siku 26 zinazofuata." Mkataba ukizidi miezi 12, siku zibadilishwe ziwe miezi mitatu na mitatu, na nakala ya Kiswahili isainiwe pamoja na ile ya Kiingereza.