Mhandisi wa Ndege Aliyeingia Msituni

Winnie Byanyima alikuwa mwanamke wa kwanza wa Uganda kuwa mhandisi wa ndege. Alizaliwa Mbarara mwezi Januari 1959, akasomea fani hiyo katika Chuo Kikuu cha Manchester nchini Uingereza, kisha akaajiriwa na Shirika la Ndege la Uganda. Kwa binti wa miaka ishirini na kitu, katika nchi iliyokuwa imetoka kuvurugwa na Idi Amin, kazi hiyo ilikuwa bahati kubwa. Aliiacha, akajiunga na waasi wa NRA, jeshi la Yoweri Museveni lililokuwa likipigana msituni na serikali ya Milton Obote.

Simulizi za vita vile kwa kawaida huanzia Kabamba. Tarehe 6 Februari 1981 Museveni na watu arobaini na kidogo, wenye bunduki 27, walivamia kambi ya mafunzo ya jeshi, na wanaume waliokuwepo siku ile wametajwa mara nyingi sana tangu hapo. Lakini Kabamba haituelezi ni kitu gani humfanya msichana aliyesoma, mwenye mshahara na jina zuri, aende kuishi vichakani. Ili kupata jibu lazima turudi nyuma zaidi, hadi Barabara ya Jinja.

Byanyima alisoma sekondari Mount Saint Mary's Namagunga, shule ya wasichana ya masista iliyo upande wa Lugazi. Anayetoka Mbarara kwenda huko huikatiza Kampala, hushika Barabara ya Jinja, hupita Nakawa, hukiacha kilima cha Kyambogo mkono wa kushoto, kisha Banda na Kireka, halafu Mukono. Zama hizo Kyambogo palikuwa mahali pa kutengenezea walimu na mafundi. Chuo cha ualimu kilihamia hapo kwanza, na cha ufundi kikafuata mwaka 1958. Baadaye sana, mwaka 2003, taasisi za kilimani zikaunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Kyambogo.

Jirani za kilima hicho ndizo zinazonishughulisha. Magharibi yake ni Naguru, ambako Amin aliweka Kikosi cha Usalama wa Umma, jina la upole kwa genge lililoteka, kutesa na kuua. Mashariki ni Kireka, palipo na kambi ya jeshi. Kusini, kuelekea ziwani, ni gereza la Luzira. Vijana waliokuwa wakifundishwa kushika chaki na kuchora ramani za majengo waliishi katikati ya sehemu hizo tatu, na kila basi la wanafunzi lililoelekea mashariki lilipita hapo hapo.

Msichana wa miaka ile alijua pia kwamba usomi haumkingi mwanamke. Mwaka 1976 mwanafunzi Mkenya wa Makerere, Esther Chesire, alitoweka katika uwanja wa ndege wa Entebbe akiwa njiani kurudi kwao. Tume ya kuchunguza kutoweka kwake ikaundwa. Theresa Nanziri Bukenya, mlezi wa bweni la wasichana la Africa Hall na mwalimu wa hisabati, alitakiwa atoe ushahidi wa kuisafisha serikali. Alikataa kusema uongo. Alikuwa mjamzito, mimba ikiwa imekaribia kutimia. Alichukuliwa, akauawa, na maiti yake ikapatikana karibu na mto Sezibwa. Sikumbuki kisa kingine cha enzi ya Amin kinachoeleza kwa uwazi zaidi serikali ile ilikuwa nini. Mwanamke yule hakushika silaha wala hakuwa na chama. Aliulizwa swali, akalijibu kwa ukweli. Byanyima wakati huo alikuwa na miaka 17, na naye baadaye aliikimbia nchi, akafika Uingereza akiwa mkimbizi.

Aprili 1979 majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni yaliingia Kampala, Amin akatoroka. Furaha haikudumu. Katika miezi ishirini marais walipishana Ikulu, kisha ukaja uchaguzi wa Desemba 1980. Kabla kura hazijamalizika kutangazwa, Paulo Muwanga, aliyekuwa ameshika hatamu za nchi, alijitwalia mamlaka ya kutangaza matokeo yeye peke yake. Obote na chama chake cha UPC wakatangazwa washindi. Wafuasi wa Democratic Party, DP, wanaamini mpaka leo kwamba waliporwa.

Kwa Byanyima hili lilikuwa jambo la nyumbani. Baba yake, Boniface Byanyima, alikuwa mwenyekiti wa taifa wa DP. Chama hicho, kikiongozwa na Paul Ssemogerere, kiliamua kuingia bungeni na kuwa upinzani. Aliyekwenda msituni ni Museveni, ambaye chama chake cha UPM kilipata kiti kimoja tu nchi nzima, na yeye mwenyewe alishindwa jimboni kwake. Kwa hiyo binti wa mwenyekiti wa DP alipochagua bunduki, aliacha mambo mawili kwa pamoja: ajira yake, na siasa za kuvumilia ambazo chama cha baba yake kilikuwa kimezichagua.

Wakati huo huo Kampala ilikuwa ikiishi na panda gari. Wanajeshi wa UNLA, jeshi la serikali, waliuzingira mtaa alfajiri, wakatoa watu majumbani na kuwapakia kwenye malori. Wengine walihojiwa na kuachiwa, wengine hawakuonekana tena. Ripoti ya Amnesty International ya mwaka 1985 kuhusu mateso nchini Uganda iliitaja Kireka miongoni mwa kambi ambazo raia walikuwa wakiteswa. Kutoka madarasa ya Kyambogo hadi Kireka ni mwendo wa mguu. Katika Pembetatu ya Luweero, uwanja wa vita vya msituni, hali ilikuwa mbaya zaidi: vijiji vilichomwa, watu wakarundikwa makambini, na makadirio ya waliokufa katika vita ile yanaanzia laki moja na kufika laki tano.

Mtu akiuliza nani aliwavuta wanawake katika uasi, mimi najibu kwamba wengi wao walisukumwa. Kuna waliokwenda kwa itikadi, lakini wapo wengi waliokwenda kwa sababu nyumba imekwisha kuchomwa, au mume amepandishwa lori, au askari wamekwisha kufika mlangoni. Gertrude Njuba na Olivia Zizinga walikuwa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kabisa. Proscovia Nalweyiso alitoka katika vita hiyo akaendelea na jeshi, na miaka mingi baadaye akawa mwanamke wa kwanza Uganda kufikia cheo cha brigedia. Wanawake wengine wote, waliobeba barua na dawa kupita vizuizi vya barabarani, waliopika, waliouguza majeruhi, waliowaficha wapiganaji uvunguni mwa vitanda vyao, hawakupata vyeo wala majina yao hayako katika vitabu. Bila wao hakuna jeshi la msituni ambalo lingeishi hata mwaka mmoja.

Na haki isemwe yote. NRA lilikuwa na kanuni kali za nidhamu, na askari aliyebaka aliweza kuuawa kwa kosa hilo, jambo lililowafanya wanavijiji walitofautishe na majeshi waliyoyazoea. Lakini lilikuwa pia na kadogo, watoto waliobeba bunduki wakati wenzao wa umri huo walikuwa shule ya msingi. Kwamba wengi wao walikuwa yatima wa Luweero ni maelezo. Hayatoshi kuwa udhuru.

Obote aliangushwa na majenerali wake mwenyewe tarehe 27 Julai 1985. NRA ikaichukua Kampala tarehe 26 Januari 1986, na siku tatu baadaye Museveni akaapishwa kwenye ngazi za Bunge, akiahidi mabadiliko ya msingi.

Kaskazini ahadi hiyo haikusikika vile. Mwezi Agosti mwaka huo huo mwanamke mwingine kijana, Alice Auma, aliyejulikana kwa jina la Lakwena, alianza kuwaongoza Waacholi na wengine dhidi ya serikali mpya. Alikuwa na miaka thelathini. Kwa wafuasi wake wakandamizaji walikuwa hawa hawa waliopokelewa Kampala kwa vigelegele. Jeshi lake lilitembea kutoka kaskazini hadi karibu na Jinja, likilenga kuifikia Kampala kwa barabara ile ile aliyopita Byanyima akienda shule, na likavunjwa huko mwishoni mwa mwaka 1987. Alikimbilia Kenya, akafa katika kambi za wakimbizi za Dadaab mwezi Januari 2007. Historia ya wanawake waasi wa Uganda isiyomtaja, kwa kuwa alishindwa na kwa kuwa imani yake ilikuwa ngeni, inakuwa imeandikwa na washindi.

Byanyima alikuwa upande ulioshinda, na alipewa nafasi zake. Alitumikia ubalozi Ufaransa, akawa mjumbe wa Bunge la Katiba mwaka 1994, mwaka uliofuata akaanzisha FOWODE, jukwaa la wanawake katika demokrasia, kisha akawa mbunge wa Manispaa ya Mbarara. Bungeni aliyasema ya ufisadi wa wenzake wa msituni, na urafiki ukaisha. Mwaka 1999 aliolewa na Kizza Besigye, daktari aliyeingia msituni mwaka 1982 akawa daktari wa Museveni, na mwaka huo huo Besigye alitoa waraka uliosema kwamba harakati zao zimepotea njia. Mwaka 2001 akagombea urais dhidi ya Museveni. Yaliyofuata ni uhamisho, kukamatwa, kesi ya uhaini ya mwaka 2005, na kukamatwa tena mara zisizo na idadi. Byanyima aliondoka kwenda Umoja wa Afrika, UNDP, Oxfam, na tangu 2019 anaongoza UNAIDS.

Tarehe 16 Novemba 2024 Besigye alitekwa Nairobi. Byanyima ndiye aliyeutangazia ulimwengu kwamba mumewe amefungwa katika jela ya kijeshi Kampala, akidai aachiwe kwa kuwa si mwanajeshi tena. Siku chache baada ya kutekwa, Besigye akafikishwa mahakama ya kijeshi Makindye. Januari 31, 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba raia hawapaswi kuhukumiwa na mahakama za kijeshi. Februari Besigye akapandishwa katika mahakama ya kiraia ya Nakawa, chini ya kilima cha Kyambogo, akashtakiwa kwa uhaini na kurudishwa Luzira. Byanyima alikuwa na miaka 66. Mwezi Mei Bunge lilipitisha sheria inayoruhusu tena raia kushtakiwa katika mahakama za kijeshi, na mwezi Juni Rais Museveni, yule ambaye Byanyima alimfuata msituni, akaitia saini.