Jinsi ya kutafuta vitu vidogo vilivyopotelea ndani ya kiti cha gari

PETE, hereni, funguo, sarafu, laini ya simu, kidonge cha dawa na hata kitambulisho cha kitaifa ni miongoni mwa vitu ambavyo hupotelea ndani ya magari. Si ajabu mwenyewe akavisaka nyumbani na kazini, hata akawashuku watu wasio na hatia, ilhali vimelala shubiri moja tu kutoka mahali alipokuwa ameketi.

Kuvipata si jambo gumu, mradi mtafutaji aelewe jinsi kiti kilivyoundwa na awe na subira. Pupa ndiyo huwaponza wengi. Kitu kilichokuwa karibu husukumwa mbali zaidi, vidole hukatwa na makali ya chuma, na nyaya zenye kazi ya kuokoa maisha huharibiwa.

Muundo wa kiti

Kiti cha mbele cha gari dogo kina sehemu kuu mbili, yaani kikalio na egemeo la mgongo. Kila sehemu ina fremu ya chuma, sponji nene na kitambaa au ngozi ya kufunikia. Kikalio huwekwa juu ya reli mbili zinazokiwezesha kusogezwa mbele na nyuma. Reli hizo nazo hukazwa sakafuni kwa bolti, ambazo katika magari mengi ni nne.

Mtu anapoketi, uzito wake hubonyeza sponji na kupanua mwanya ulio kati ya kikalio na egemeo. Kitu kidogo kikichomoka mfukoni hupenya papo hapo. Anapoinuka, sponji hufura tena na mwanya hujifunga. Hiyo ndiyo sababu mtu aliyesimama nje ya gari huona kiti kisicho na ufa wowote, akadhani hapana kitu kinachoweza kupita.

Kitu kikianguka, aghalabu hufuata mojawapo ya njia tatu. Ya kwanza ni mwanya huo wa kati ya kikalio na egemeo. Kilichopita hapo hukwama juu ya fremu au huanguka nyuma, penye miguu ya abiria wa kiti cha pili. Njia ya pili ni upenyo ulio kati ya kiti na kisanduku cha gia, karibu na kifungio cha mkanda wa usalama. Hapa vitu hukwama kando ya reli. Ya tatu ni upande wa mlango, ambako kitu chaweza kudondoka nje mlango unapofunguliwa. Kwa hivyo, fungua mlango polepole na uangalie ardhini kabla ya kushuka.

Kabla ya kuanza

Sharti la kwanza ni kusimamisha gari. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa husafiri zaidi ya mita 22 kwa sekunde moja. Dereva akiinama kwa sekunde tatu tu kupapasa chini ya kiti, atakuwa amepita zaidi ya mita 66 bila kuiona barabara. Hakuna sarafu wala simu yenye thamani hiyo. Egesha mahali tambarare na salama, zima injini, vuta breki ya mkono na uondoe ufunguo.

Sharti la pili ni kutosogeza kiti kabla ya kuangalia. Reli na mitambo ya kiti yaweza kukunja pete, kuvunja hereni au kukata kadi. Hatari huwa kubwa zaidi iwapo kilichoanguka ni simu, hasa katika magari ambayo viti vyake husogezwa kwa umeme. Mashirika ya ndege huwaonya abiria wao wasisogeze kiti pindi simu inapotumbukia ndani yake, kwa kuwa betri ya lithiamu ikipondwa inaweza kupata joto kali na kuwaka moto. Onyo hilo linafaa pia ndani ya gari.

Hatua za kutafuta

Anza kwa macho wala si kwa mikono. Chukua kurunzi na uinamishe kichwa hadi usawa wa sakafu. Tazama chini ya kiti kutoka mbele, kisha uende mlango wa nyuma na utazame tena kutoka huko. Kitu kinachofichwa na reli upande mmja mara nyingi huonekana wazi upande wa pili. Shika kurunzi chini, karibu na zulia, ili mwanga umulike kwa mshazari. Vyuma na vito hung'aa, na vitu visivyong'aa hutoa kivuli.

Pili, ondoa mazulia ya sakafuni yanayoweza kutolewa na uyakung'utie juu ya karatasi au kitambaa cheupe.

Tatu, bonyeza kikalio kwa mkono mmoja karibu na egemeo ili mwanya ufunguke, kisha umulike ndani. Usitumbukize vidole bila kuona. Chini ya sponji mna vyuma vyenye makali, na huenda mna pini, wembe au kipande cha kioo kilichosahauliwa na mtu mwingine.

Nne, baada ya kuhakikisha kuwa njia ya reli ni wazi, sogeza kiti mbele kabisa kwa utaratibu na ukague sehemu ya nyuma. Kisha kirudishe nyuma kabisa na ukague ya mbele.

Ikiwa kitambaa cha kiti kimeraruka au mshono umefumuka, yamkini kitu kimeingia kati ya kitambaa na sponji. Papasa kwa nje, na ukikigusa kisukume taratibu kuelekea penye tundu. Usipanue tundu kwa kisu.

Vifaa vya kunasia

Hakuna haja ya kununua vifaa ghali. Kijiti au rula ya plastiki iliyobandikwa utepe wenye gundi pande zote mbili hunasa kadi, kidonge na hereni. Sumaku iliyofungwa kwenye kijiti hunasa funguo za chuma, misumari na skrubu. Hata hivyo, sumaku hainasi dhahabu, fedha, shaba wala alumini. Aliyepoteza pete ya ndoa ya dhahabu asikate tamaa kwa kuwa sumaku imetoka mikono mitupu.

Kifyonza vumbi nacho kina manufaa, ila kikitumiwa ovyo humeza kile kinachotafutwa. Funika mdomo wa bomba lake kwa soksi nyepesi ya nailoni na uikaze kwa mpira. Kitu kitavutwa na kushikamana na soksi badala ya kuingia tumboni mwa mashine. Iwapo gari linapelekwa kuoshwa, mfahamishe mhudumu mapema kwamba kuna kitu kimepotea.

Epuka kuchokora kwa waya wa chuma usiofunikwa. Waya huo waweza kutoboa ngozi ya kiti au kuchuna nyaya za umeme zilizo chini yake.

Kiti cha nyuma

Katika magari mengi madogo, kikalio cha nyuma ni kipande kimoja kirefu, na nafasi iliyo chini yake ndiyo ghala la vitu vilivyosahauliwa. Baadhi ya vikalio hushikiliwa na vibanio viwili upande wa mbele, ambavyo huachia mtu akiinua ukingo wa mbele kwa nguvu za wastani. Vingine vimefungwa kwa bolti. Soma kijitabu cha mwongozo cha gari au umuulize fundi kabla ya kuvuta. Unapokirudisha kikalio, hakikisha vifungio vya mikanda vimebaki juu, kwani mkanda uliofukiwa chini ya kiti haumfai abiria.

Onyo kuhusu kiti cha mbele

Yapo mazingira ambamo kitu hakipatikani ila kwa kung'oa kiti cha mbele. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye ujuzi. Nyaya zinazopita chini ya kiti huenda zikawa za mfuko wa hewa wa ubavuni, wa kifaa kinachokaza mkanda wakati wa ajali, au wa kitambuzi kinachobaini kama kuna mtu ameketi. Viunganishi vya mifuko ya hewa kwa kawaida huwa vya rangi ya manjano. Ukiviona, viache.

Fundi anayeijua kazi yake hutenganisha betri kwanza na kusubiri kwa muda ulioelezwa na mtengenezaji kabla ya kugusa viunganishi hivyo. Hawashi gari wakati vimechomolewa, na anaporudisha kiti hukaza bolti zote kwa kiwango kinachotakiwa. Kiti kilicholegea chaweza kung'oka katika ajali. Taa ya onyo la mfuko wa hewa ikibaki inawaka kwenye dashibodi baada ya kazi, gari likaguliwe tena.

Vitu visivyofaa kuachwa

Kuna wanaosema sarafu ya shilingi moja haina haja ya kusumbuliwa. Huenda ni kweli, lakini vipo vitu ambavyo ni lazima vitafutwe hadi vipatikane. Kidonge cha mtu mzima kilichoanguka chaweza kuokotwa na mtoto anayecheza sakafuni. Betri ndogo ya mviringo, mfano wa zile zinazotumiwa katika funguo za rimoti, ni hatari zaidi. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, inaweza kuunguza umio katika muda wa saa mbili. Mtoto huyo asilazimishwe kutapika, bali apelekwe hospitalini mara moja.

Kadhalika, chupa au kopo linalobingirika chini ya kiti cha dereva laweza kufika chini ya kanyagio la breki. Uzito wa jambo hili ulidhihirika mnamo Septemba 2009, kampuni ya Toyota ilipotangaza kuwa ingerekebisha magari yapatayo milioni 3.8 nchini Marekani, kwa kuwa mazulia ya sakafuni yangeweza kunasa kanyagio la mafuta.

Mali ya mwingine

Yamkini utakachopata si chako. Katika matatu na teksi, kiti kimoja hukaliwa na watu wengi kwa siku. Sheria ya Kenya haisemi kwamba kilichookotwa ni cha mwokotaji. Kwa mujibu wa kifungu cha 268 cha Kanuni ya Adhabu, anayejitwalia mali iliyopotea huepuka lawama ya wizi ikiwa hamjui mwenyewe na ana sababu za kutosha kuamini kuwa hawezi kupatikana. Kitambulisho au kadi ya benki ina jina, kwa hivyo kisingizio hicho hakipo. Kipeleke kituo cha polisi kilicho karibu, au umkabidhi dereva au utingo ikiwa unawaamini.

Abiria aliyepoteza kitu naye akumbuke nambari ya usajili wa gari, njia linalopita na kiti alichokalia. Maelezo hayo matatu humrahisishia utingo kazi kuliko malalamiko marefu.

Kinga

Weka sarafu katika kikopo au kimkoba badala ya mfuko wa nyuma wa suruali. Funga kitambaa chenye rangi kwenye funguo. Ziba upenyo ulio kando ya kisanduku cha gia kwa kipande cha sponji kilichokatwa vizuri, bila kuzuia kifungio cha mkanda wala breki ya mkono. Na kabla ya kushuka, geuka utazame ulipokuwa umeketi. Mtazamo huo wa sekunde mbili humwondolea mtu kazi ya saa nzima ya kulala kifudifudi akimulika chini ya kiti.