Mzee asiposikia harufu, tusiseme ni uzee tu

Kwetu ni Likoni, lakini kazi ya uuguzi imeniweka Khayega miaka mingi, karibu na soko lililo kwenye barabara ya Kisumu kwenda Kakamega, pale panapochepuka njia ya Shinyalu. Malalamiko ninayoyapata kwa wazee wa huku ni yale yale niliyoyasikia nyumbani: chakula hakina ladha. Kukhu, ndivyo wanavyomwita bibi hapa, atakwambia kuku wa siku hizi si kuku. Ami wa Mombasa atakwambia biriani imepikwa na asiyejua kupika. Mara nyingi mpishi hana kosa. Pua ndiyo iliyozima, na mwenyewe hana habari.

Hana habari kweli. Katika mji wa Beaver Dam, jimbo la Wisconsin huko Marekani, watafiti waliwapima kunusa watu wa miaka 53 hadi 97, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Karibu mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu. Kwa waliofika miaka 80 na zaidi, ilikuwa asilimia 62.5. Lakini walipoulizwa kwa mdomo, wasio hata mmoja kati ya kumi ndio waliosema pua zao zina tatizo. Kwa hiyo ukimuuliza babu kama anasikia harufu naye akajibu "nasikia vizuri tu", jibu hilo usilichukue kuwa kipimo.

Ladha ya kweli ya chakula tunaipata puani zaidi kuliko ulimini. Ulimi unajua chumvi, sukari, ukali wa ndimu, uchungu na utamu wa mchuzi wa nyama, basi. Iliki, bizari na nazi iliyokunwa sasa hivi hupanda kwa nyuma ya koo hadi juu kabisa ndani ya pua, kwenye kipande kidogo cha utando chenye seli za neva za kunusia. Richard Axel na Linda Buck walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2004 kwa kuonyesha jinsi seli hizo zinavyotambua harufu. Binadamu ana aina kama 400 za vipokezi vya kazi hiyo.

Seli hizi zina jambo la ajabu. Seli nyingi za neva zikifa zimekufa, lakini za kunusia ziko wazi kwenye hewa, vumbi na vijidudu, kwa hiyo huchakaa na mwili huzitengeneza upya kutoka kwenye seli mama zilizo chini ya utando, maisha yote. Pua ya mzee inategemea ukarabati huo uendelee.

Hapo ndipo uvimbe wa ndani unapoharibu mambo. Wataalamu huuita mchochota: mwili unapopambana na adui, sehemu ile huvimba, hujaa damu na askari wa kinga. Mchochota wa siku tatu za mafua huja na kwenda. Unaokaa miezi na miaka ni kitu kingine. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walionyesha, kwa panya, kwamba mchochota wa muda mrefu huzifanya zile seli mama ziache kutengeneza seli mpya za kunusia na kugeuka kusaidia vita. Mafundi wa ukarabati wameitwa jeshini, na nyumba inabomoka taratibu. Uzee wenyewe nao una mchango wake: ukarabati hupungua kasi, na vitundu vya mfupa vinavyopitisha neva kwenda kwenye ubongo huweza kuwa vyembamba. Lakini si vyote ni umri.

Tazama jiko la Khayega. Mvua hainyimi huku, kuni zikiwa mbichi hufuka badala ya kuwaka, na jiko la mafiga matatu liko ndani ya chumba chenye dirisha dogo au kisicho nalo. Mama aliyepika hapo miaka hamsini ameuvuta moshi huo kila siku, nao huwasha utando wa pua, koo na mapafu. Ongeza ugoro, ambao wazee wa huku na wa kwetu wanaupenda kupita kiasi, na sigara. Na sisi watu wa Pwani tusijitoe. Udi na ubani ni fahari yetu, mimi mwenyewe nyumba yangu ya huku haikosi chetezo, lakini moshi ni moshi. Chumbani kwa bibi mwenye pumu au sainasi, fungua dirisha, au umuwekee asumini.

Kuna sababu nyingine ambazo ni lazima zichunguzwe: sainasi ya muda mrefu, mzio, vinyama vinavyoota puani, kuumia kichwa, na virusi. Korona ilitufundisha wengi. Virusi vile hushambulia hasa seli zinazozishika na kuzilisha seli za kunusia, ndiyo maana wengi walirudiwa na harufu baadaye. Pia kupungua kwa kunusa kunaweza kutangulia ugonjwa wa Parkinson au Alzheimer kwa miaka. Si kwamba kila asiyenusa atapata maradhi hayo, la. Lakini mzee akianza pia kutetemeka au kusahau sana, mwambie daktari habari ya pua pamoja na hayo mengine.

Ninaloliogopa mimi zaidi liko jikoni. Gesi ya mtungi kwa asili haina harufu ya kutosha kumshtua mtu. Uvundo ule huongezwa makusudi ili inapovuja tujue. Kwa mzee asiyenusa, kinga hiyo haipo. Hanusi pia maziwa yaliyochacha, samaki aliyeanza kuoza, wala mafuta ya taa yaliyomwagika. Na kwa kuwa chakula hakimnogei, huongeza chumvi na sukari, huku ana presha na kisukari, au huacha kula na kukonda.

Mpime nyumbani. Afumbe macho, azibe tundu moja la pua, umsogezee kahawa, kisha karafuu, kisha ganda la limau, akutajie kila kimoja. Usitumie kitunguu wala pilipili. Vile huchoma, na mchomo husafiri kwa neva nyingine, kwa hiyo atashtuka hata kama hanusi kitu.

Akishindwa, mpeleke hospitali, ikiwezekana kwa daktari wa masikio, pua na koo. Ikiwa shida ni sainasi, mzio au vinyama, kuna dawa za kupuliza puani za kutuliza mchochota, na wengine hufanyiwa upasuaji. Kuosha pua kwa maji ya chumvi husaidia pia, ila yawe maji yaliyochemshwa yakapoa, si ya bombani wala ya kisimani moja kwa moja. Mafuta ya mitishamba yanayouzwa sokoni kwa kuingizwa puani mimi nayakataa waziwazi. Yanachoma, na kinachochoma huzidisha uvimbe.

Lipo pia zoezi la kunusa, ambalo Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, walilichapisha mwaka 2009. Mgonjwa hunusa harufu nne, asubuhi na jioni, kwa wiki 12: waridi, mkalitusi, limau na karafuu. Baadhi walipata nafuu, si wote. Niliposoma orodha hiyo nilicheka, maana nusu yake iko kwenye kabati la mama yangu Likoni na mkalitusi uko nyuma ya nyumba yangu hapa. Harufu moja inuswe kama sekunde kumi, bila kuvuta kwa nguvu, mzee akijaribu kukumbuka ilivyokuwa zamani. Weka kila kimoja kwenye chupa yake yenye kifuniko. Limau libadilishwe kila siku mbili tatu. Karafuu ikipondwa kidogo hutoa harufu upya, na ile iliyokaa hadi ukiisugua vidoleni huisikii wewe mwenye pua nzima, itupe.